Swali ulilolimeza

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeurudia mara nyingi. Unasema utotoni ulikuwa unauliza kila kitu na kujiona unaweza lolote, lakini tangu uanze kazi maabara ya hospitali, ukiona jambo la ajabu unanyamaza. Ukaniuliza: "Mama, ile hali inakwenda wapi mtu akikua, na inarudishwaje?"

Siamini kwamba inakwenda popote. Inanyamazishwa. Ulipouliza, una miaka minne, kwa nini mwezi unalifuata basi, abiria walitabasamu. Uliza hivyo ukiwa kidato cha tatu uone darasa litakavyokucheka! Mtu anajifunza kushangaa kimoyomoyo, mwisho anaacha hata kutazama.

Erasto Mpemba unamjua tangu masomo ya fizikia. Mwaka 1963, akiwa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu, akayaweka ya kwake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka ya baridi. Alipomwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa.

Kinachonigusa mimi ni alichofanya baadaye. Rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga alimwambia kwamba yeye pia huweka ya moto ili igande upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakapata neno la kumtania. Siku moja akakuta maabara iko wazi, akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha Dkt. Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipotembelea shule, kijana akasimama na swali lile lile mbele ya wale wale waliokuwa wakimcheka. Osborne alikwenda kulipima, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu, maana yeye aliuliza alichokiona.

Siku hizi kujiamini kunafundishwa kama kujisifu mbele ya kioo. Mimi nakuombea kule kwa Mpemba: kuamini macho yako kiasi cha kwenda kuhakikisha. Ujasiri ule wa "naweza lolote" uache uende, mwanangu. Ulikufaa ukiwa mdogo, sasa una kazi yenye uhai wa watu ndani yake.

Sasa zile sampuli za damu ulizonieleza, zinazoletwa na bodaboda kutoka zahanati ya mbali, ambazo majibu ya sukari yanakutia shaka. Chukua daftari. Wiki nzima andika saa damu ilipotolewa, saa ilipofika na majibu yaliyotoka, uone kama kukawia njiani kunayabadilisha. Majina ya wagonjwa usiyaandike. Ukimaliza, mwonyeshe kwanza yule mtaalamu mzee unayesema ana subira, kisha mkuu wa maabara. Mmoja akicheka, nenda kwa mwingine na daftari lako.

Ukishapata ya siku mbili tatu nipigie jioni, unisomee.

Mama yako