Jibu: Taa bado inawaka, nibadilishe?

Dada, umeuliza kama taa ya urujuanimno (UV) ya kusafishia maji, kwenye nyumba uliyopanga hapo Ntinda, ibadilishwe ilhali bado inawaka. Ikishapita miezi 12, ibadilishe. Mwanga wa buluu unaouona sio unaoua vijidudu. Mionzi yenyewe, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, haionekani, na baada ya saa 9,000 hivi za kuwaka, yaani kama mwaka mzima bila kuzimwa, huwa imefifia mno.

Chomoa umeme, funga maji, kisha toa kile kioo kirefu kinachoifunika taa ukifute kwa siki, maana ukungu wa chokaa huzuia mionzi. Chujio la tope pia libadilishwe. Umeme ukikatika, tafadhali sana chemsha maji ya watoto: yanayopita hapo hayajatibiwa! Gharama ya taa zungumza na mwenye nyumba mapema. Wangu alikubali kuikata kwenye kodi.