Kapasita ya bei mbaya kwenye spika ya bei nafuu: inalipa?

Vijana wanaokuja kwangu hapa Chumbageni, Tanga, kusikiliza spika nilizotengeneza huwa hawaulizi boksi limepigwa mbao gani wala wufa, ile spika kubwa ya besi, nimeitoa wapi. Wanachungulia krosova, ile saketi ya ndani inayogawa sauti, nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita. "Mjomba, hizi kapasita ni zile zenyewe au za kawaida?" Wameona mtandaoni kapasita moja inauzwa kwa pesa ambayo ingenunua wufa mbili, na muuzaji anaapa kwamba inafungua sauti. Swali lao ni la haki kabisa. Mtu anatengeneza spika kwa pesa ya kuungaunga, je, ajibane zaidi apate hiyo?

Mimi husema hapana. Iko sehemu moja ya krosova ambapo nalegeza mkono, nitafika huko.

Kapasita iliyo mbele ya twita ina kazi ya kuzuia besi isiingie ikaunguza koili ndogo ya twita. Inaanza kukata wapi? Hilo linaamuliwa na thamani yake pamoja na omu za twita yenyewe, yaani ukinzani wake kwa umeme, si na bei. Kapasita ya maikrofaradi 6.8 kwenye twita ya omu 8 inakata karibu na hezi 2,900, yaani mitetemo 2,900 kwa sekunde. Ihamishie hiyo hiyo kwenye twita ya omu 4, kama nyingi zinazotolewa kwenye magari, na mkato unaruka hadi karibu hezi 5,850. Sasa kama wufa yako imekatwa kwenye 3,000, hapo katikati umechimba shimo, na shimo lenyewe liko palepale zinapokaa herufi kama s na t za mwimbaji na ukali wa fidla. Utasikia maneno yanamezwa. Watu wananakili mchoro wa mtu mwingine, wananunua vifaa vya kifahari vya mchoro ule, halafu twita yao ni ya omu nyingine. Kabla hujatoa shilingi, weka mita kwenye nyaya za twita. Ya omu 8 husoma takriban 6, na ya omu 4 husoma kama 3 na kitu.

"Lakini mjomba, rafiki yangu alibadilisha kapasita na sauti ikabadilika kweli."

Naamini, mwanangu. Hapa watu hugombana bure, mmoja anasema anasikia, mwenzake anamwambia anajidanganya, kumbe kuna kitu kinachosikika ila sababu yake siyo wanayoitaja. Kapasita ya elektroliti, ile ya bei nafuu, ina ukinzani wake wa ndani. Tuseme ni nusu omu. Mbele ya twita ya omu 8, nusu omu hiyo inashusha sauti ya twita kwa kama desibeli 0.5, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukiing'oa ukaweka ya filamu ya plastiki, polipropilini, ukinzani huo karibu unatoweka, na twita inapanda kwa kiasi hicho hicho katika eneo lake lote. Nusu desibeli kwenye noti moja hutaitambua. Ikienea kwenye oktava mbili tatu kwa pamoja, sikio linaipokea kama mwanga: matoazi yanang'aa, sauti ya kike inasogea mbele. Mwenye spika anaita huo uwazi. Alichokilipia ni twita iliyopandishwa kidogo, jambo ambalo rezista ndogo ya bei ya chai inaweza kulifanya au kulifuta.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Chukua spika moja tu, si jozi. Funga swichi: upande huu elektroliti, upande huu filamu ikiwa na rezista ya omu 0.47 mbele yake, na hakikisha kwa mita kwamba kapasita zote mbili zina thamani moja. Mtu mwingine ashike swichi, nawe ugeukie ukutani. Nilipofanya hivyo, mpwa wangu akiwa kwenye swichi, nilishindwa kubagua. Masikio yangu yana umri, kwa hiyo nikamkalisha yeye nikashika swichi mimi. Naye akawa anabahatisha tu.

Je, basi tutumie elektroliti? Mbele ya twita mimi huweka filamu, ila filamu ya kawaida kabisa. Elektroliti hukauka kwa joto na kwa miaka, na joto la huku mnalijua. Zilizong'olewa kwenye redio kuukuu mara nyingi zimeshaihama thamani iliyoandikwa ubavuni. Filamu za kawaida mbili ukizifunga sambamba thamani zinajumlishwa: 4.7 na 2.2 zinakupa 6.9, na hakuna sikio litakalojua kwamba ulitaka 6.8. Kati ya filamu ya kawaida na ile inayouzwa kama kito sijawahi kupata sababu ya kulipa tofauti. Nunua mita inayopima kapasita. Hiyo itakutumikia hata kwenye feni na pampu.

Sasa ile sehemu ya kulegeza mkono. Koili ya krosova, ule waya wa shaba uliosokotwa unaokaa mbele ya wufa, hupitisha mkondo wote wa besi, na waya wake ukiwa mwembamba unakula nguvu. Koili ya omu 0.8 mbele ya wufa ya omu 4 inakupokonya zaidi ya desibeli 1.5, tena inalegeza mshiko wa amplifaya juu ya wufa, besi inaanza kuning'inia. Hapa shaba nene inalipa. Wala si lazima uiagize ng'ambo: mafundi wa kusuka mota wana waya wa shaba wenye vanishi, na ukipata wa milimita 1 au zaidi unasokota koili yako mwenyewe juu ya kigogo cha mbao. Koili yenye kiini cha chuma ina ukinzani mdogo kwa waya mchache, lakini ukifungulia sauti kubwa sana chuma kinashiba sumaku na sauti inaharibika. Kwa sebule inatosha. Kwa ngoma ya harusi mtaa mzima, usokote isiyo na chuma.

Waya wa kutoka kwenye amplifaya hauhitaji mjadala. Waya wa umeme wa nyumba, milimita 1.5 za mraba, kwa umbali wa mita 3 kwenda na kurudi, ni kama omu 0.07.

Pesa iliyobaki yote ipeleke kwenye wufa na boksi, na hapo ndipo mimi huwa mkali. Naipimia spika kwa taarabu ya hapa kwetu, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwa sababu Tanga ndiyo iliyoingiza gitaa na besi la umeme kwenye taarabu, na besi lile ndilo linaloufichua uongo wa boksi. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, uko kwenye hezi 41. Wufa ya inchi 4 haitaufikisha huo kwa nguvu, hata ukiizungushia krosova ya dhahabu tupu. Boksi likiwa dogo kuliko wufa inavyotaka, noti moja inavuma na zenzake zinapotea, na msikilizaji anadhani mpigaji hajui kazi.

Kujua boksi liwe na lita ngapi si uganga. Tangu Neville Thiele mwaka 1961, na Richard Small miaka ya 1970, wote wakifanya kazi Australia, hesabu ipo wazi: unahitaji hezi ambazo wufa inatikisika yenyewe, jinsi inavyozuiwa, na ulaini wake ukielezwa kwa lita za hewa. Wufa za mtumba haziji na karatasi, lakini programu ya Room EQ Wizard ni ya bure na inaweza kukupimia hayo kwa rezista moja, kadi ya sauti ya kompyuta, na uzito mdogo unaoujua wa kubandika kwenye wufa. Ukiongeza mikrofoni ya kupimia, umeshapata kifaa ambacho kingekugharimu sawa na kapasita chache za kifahari, na kitakuonyesha shimo lako liko wapi badala ya kukisia.

Ndani ya boksi mimi hujaza sufi, ile ya mito, nikiifunga ndani ya kipande cha khanga kuukuu isirukie wufa. Tanga ni nchi ya mkonge, na kila mara kuna anayenishauri singa za mkonge. Nyuzi zake ni nene mno. Nyuzi laini ndizo zinazoikamata sauti vizuri. Mkonge tuuache kwenye kamba.

Na kuna gharama ambazo mtu wa Arusha pengine anaweza kuziruka, sisi wa pwani hatuwezi. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, inapendeza kukata, lakini unyevu ukipata ukingo wazi inavimba kama andazi, kwa hiyo paka kingo zote vanishi, hata zile za ndani zisizoonekana, au ongeza pesa uchukue plaiwudi nzuri ya milimita 18. Wufa yenye ukingo wa sponji usinunue hata ukipewa kwa nusu bei, maana joto na unyevu huozesha sponji. Lipia ukingo wa mpira. Terminali za chuma chepesi zinapata kutu kwa hewa ya chumvi, hasa ukiwa Raskazoni karibu na maji. Mimi sizitumii kabisa. Natoboa tundu dogo, napitisha waya, nauchomea kwa risasi moja kwa moja kwenye krosova, kisha naziba tundu kwa silikoni ili boksi lisivuje.

Ukitaka nikusaidie hesabu, usinitumie picha ya kapasita. Nitumie omu za wufa na twita kwa mita, kipenyo cha wufa, na vipimo vya ndani vya boksi.