Kumtaja mwenye video hakukupi ruhusa

SWALI: Nina ukurasa wa Instagram wa vichekesho na matukio ya hapa Dodoma. Klipu nyingi nazipakua TikTok, nazirusha na kuandika "shukrani kwa mwenye video". Maduka ya Majengo na saluni moja ya Area C wananilipa niwawekee matangazo. Sasa kijana wa Chang'ombe kanitumia ujumbe: nifute klipu yake au nimlipe. Kwani kumtaja hakutoshi, na klipu yenyewe ni ya sekunde 15 tu?
Msomaji, Dodoma Mjini

JIBU: Hakutoshi, ndugu yetu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inailinda kazi tangu inapotengenezwa, hata kama mwenyewe hajaisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kutajwa jina ni haki yake mojawapo. Kuruhusu au kukataa kazi yake inakiliwe ni haki nyingine kabisa, na hiyo hukuiomba.

Hizo sekunde 15 nazo hazikuokoi. Hakuna idadi ya sekunde ambayo sheria imeiacha huru. Kinachoruhusiwa ni kunukuu kwa kiasi kinachofaa na kutaja chanzo, mfano unapoonyesha kipande ili ukichambue. Kichekesho kizima kilichobandikwa juu ya namba ya simu ya saluni si nukuu.

Pesa ndiyo inayokuweka pabaya zaidi. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinatofautisha: aliyekiuka bila biashara, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote; aliyefanya kibiashara, faini isiyopungua milioni 20 au miaka 5, au vyote. Skrinishoti ya orodha ya bei zako za matangazo inaweza kutumika kama ushahidi.

Wengi hukata nembo ya TikTok au hugeuza picha kulia kushoto. Tafadhali usijaribu: video inabaki ya mwenyewe, na wewe unaonekana ulijua unachokificha.

Ifute leo, kisha mjibu kwa heshima na mpatane kuhusu siku zilizopita. Kwa klipu zijazo, omba kabla ya kurusha, kwa maandishi, hata WhatsApp: "Naomba kurusha video yako (kiungo) kwenye ukurasa wangu wenye matangazo ya kulipwa, kwa miezi 3, malipo shilingi kadhaa." Akijibu "sawa" tu bila wewe kutaja matangazo, hamjaelewana. Muulize pia wimbo unaosikika ndani ni wa nani, maana hawezi kukuruhusu kitu kisicho chake.

SWALI: Nilirekodi somo la kupogolea mizabibu shambani kwangu. Mtu kalipandisha kwenye chaneli yake ya YouTube, kaweka sauti yake juu. Nianzie wapi?
Mkulima, Mpunguzi

JIBU: Anzia kwenye simu yako. Tunza faili halisi la kamera. Nakala iliyopita WhatsApp hubanwa na kupoteza taarifa za lini ilirekodiwa. Piga skrinishoti ya video yake ikionyesha kiungo, jina la chaneli na tarehe, kabla hujamwambia lolote.

Kisha jaza fomu ya YouTube ya kuondoa video kwa sababu ya hakimiliki, ukiweka kiungo chako na chake. Sauti aliyoiongeza haifanyi picha ziwe zake. Ikiondolewa, anapata straiki, yaani onyo rasmi la YouTube. Straiki 3 ndani ya siku 90 zinaweza kufunga chaneli nzima. Andika ukweli mtupu, kwani dai la uongo linaweza kukufungia akaunti wewe.

Akipinga rasmi, unakuwa na siku 10 za kazi kuonyesha umefungua shauri mahakamani, la sivyo video inaweza kurudi. Siku hizo ni chache, kwa hiyo peleka ushahidi wako COSOTA wakushauri mapema, kabla pingamizi halijaingia.