Jibu: Msiache dawa ya kinga ya malaria kwa kuwa tu mmefika nyumbani

Umeuliza kama muache doksisaiklini, dawa yenu ya kinga ya malaria, sasa mmesharudi kutoka kisiwani kwa wakwe. Hapana, ndugu, endeleeni wiki 4 kamili tangu mlipoondoka kisiwani, kila siku. Dawa hiyo huua vimelea vikishaingia kwenye damu. Vilivyojificha kwenye ini haivigusi vizuri, na hivyo hutoka baadaye. Meza na glasi nzima ya maji ukiwa umekaa, usilale mara moja, maana kidonge kikikwama huunguza koo la chakula.

Mtu akipata homa ndani ya miezi 3 baada ya kurudi, hata akidhani ni mafua tu, apimwe damu siku hiyohiyo na aseme alikotoka. Ashushe homa kwa parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni aziache hadi ihakikishwe kuwa si dengue (homa nyingine inayoenezwa na mbu), kwani kwa mwenye dengue dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu.