Lipidi ilifaulu kwenye sahani, panya wamekufa: je, niongeze dozi?

Swali: Niko shahada ya uzamili. Nilichanganya plasmidi (duara la DNA) yenye jeni la GFP, protini inayong'aa kijani, na kitendanishi cha lipidi (mafuta yanayobeba DNA hadi ndani ya seli) tunachotumia kwenye HEK293, seli za binadamu tunazokuza kwenye sahani za maabara, na karibu seli zote zikang'aa. Nikaandaa mchanganyiko uleule, mikrogramu 50 za DNA katika mikrolita 200, nikawadunga panya watano wa gramu 22 kwenye mshipa wa mkia. Wawili walikufa ndani ya dakika chache. Kwa waliobaki sikuona kitu kwenye ini. Niongeze dozi, au nibadilishe uwiano wa lipidi?

Jibu: Usiongeze. Utawamaliza waliobaki, na ini litabaki vilevile.

Kosa linaloua panya wengi bure ni kudhani kwamba kilichofaulu kwenye sahani kitafaulu kwenye damu. Kwenye sahani chaji chanya ya lipidi ni rafiki: hukamata DNA, kisha hujibandika kwenye utando wa seli wenye chaji hasi. Wengi huandaa mchanganyiko bila seramu (majimaji ya damu yenye protini), kwa hiyo tatizo halionekani. Ndani ya mshipa kuna albumini na protini nyingine zenye chaji hasi, pamoja na seli nyekundu, na vyote hung'ang'ania chaji hiyohiyo. Chembe hugeuka mabonge. Damu ya mkia hupita upande wa kulia wa moyo, na kapilari za kwanza inazokutana nazo ni za mapafu, kwa hiyo mabonge hunasa humo na mnyama hukosa pumzi. Kama jeni lako lilifanya kazi popote, ni mapafuni, mahali usipopima. Ukizidisha lipidi unazidisha chaji, yaani unazidisha mabonge.

Kuna jambo la pili. Kila kisima cha sahani ya visima 24 hutumia kama nusu mikrogramu ya DNA katika mikrolita 50 hadi 100. Mchanganyiko wako ulikuwa mzito mara 25 au zaidi, na kwa uzito huo chembe huanza kushikana hata kabla ya sindano. Ukiuinua kwenye mwanga ukaona ukungu wenye vipande vyeupe, umwage.

Ini linahitaji chembe ya aina nyingine: lipidi inayopata chaji pale tu pH inaposhuka. MC3, mojawapo ya lipidi hizo, yenye pKa (pH ambayo nusu yake huwa na chaji) karibu 6.4, haina chaji kubwa kwenye damu ya pH 7.4, ila huipata ndani ya endosomu, kifuko chenye asidi ambamo seli humezea chembe, inakohitajika. Patisirani, dawa ya RNA inayolenga ini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, hutumia MC3, lipidi saidizi ya DSPC, kolesteroli na lipidi yenye PEG (mnyororo unaozuia chembe kushikana) kwa uwiano wa moli 50:10:38.5:1.5. Lipidi huyeyushwa katika ethanoli na RNA katika bafa (kimiminika kinachoshikilia pH) ya sitrati ya pH 4. Sehemu 1 ya ethanoli hukutana na sehemu 3 za bafa kwenye kifaa cha mifereji midogo, kisha ethanoli huondolewa kwa dayalisisi (kuchujwa kupitia utando) hadi pH 7.4. Kuchanganya kwa pipeti hutoa chembe za ukubwa wowote, na zinazopita sana nanomita 100 hazipenyi vizuri matundu ya mishipa ya ini. Kwenye damu chembe hizi huvaa apoE, protini inayobeba mafuta, na seli za ini huzipokea kupitia kipokezi cha LDL, mlango wao wa kuingizia kolesteroli. Ukizigandisha bila sukrosi, zitaungana.

Pakia mRNA (nakala ya maagizo ya jeni) ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, usipakie plasmidi. DNA inapofika kwenye saitoplazimu huamsha mfumo wa STING, king'ora cha kinga ndani ya seli, na uvimbe unaofuata unaweza kuua kwa dozi ambayo mRNA ingevumiliwa. GFP nayo hudanganya, maana ini lenyewe hung'aa kijani. Anza na miligramu 0.5 kwa kilo: kwa panya wako ni mikrogramu 11 katika mikrolita 110. Baada ya saa 6 mpe lusiferini, kitu ambacho lusiferasi hukitumia kutoa mwanga, miligramu 150 kwa kilo, tumboni, upige picha dakika 10 baadaye. Weka na panya waliodungwa bafa tupu, uwalinganishe.

Hasira yangu ni kwa wauzaji wanaobandika maneno "kwa wanyama hai" kwenye chupa ileile ya sahani na kuahidi kufika kiungo chochote. Mtake muuzaji akuonyeshe ukubwa wa chembe baada ya nusu saa ndani ya seramu ya panya kwa nyuzi 37, asilimia ya jeni lililofungwa ndani (chini ya 90 kataa), na kiwango cha endotoksini (sumu ya bakteria). Akikosa kimoja, usinunue. Na wapo wanaouza vifaa vya jeni ili mtu ajidunge nyumbani. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitamka mwaka 2017 kwamba kuviuza ni kinyume cha sheria. Bonge lililomuua panya wako huziba kapilari za mapafu ya mtu vilevile, na likishanasa hakuna dawa ya kulirudisha kwenye bomba la sindano.