Lafudhi yako iache, lakini "plumber" haina b

Aliyeanzisha uzi anaeleza kwamba alikuwa kikaoni kazini hapa Nairobi, akapendekeza aitwe "plumber" kuangalia choo cha orofa ya tatu, akaitamka ile b, na msimamizi wake akamkatiza mbele ya watu wote kumsahihisha. Wenzake wakacheka. Sasa anauliza: kuna haja gani ya mtu kukereka na neno moja, mradi ujumbe umefika?

Nimekaa miaka mingi nikifundisha vijana wanaopokea simu za wateja mjini humu, na nakiri wazi kwamba mimi hukereka. Nakereka mtu anapotamka vibaya neno analolitumia kila siku ya Mungu kazini kwake, na hasira yangu humwendea yule aliyemfundisha, kwa sababu alimpa neno kwenye karatasi na hakumpa sauti yake.

Kabla sijaendelea, kuna kitu sikigusi: lafudhi. Dholuo haina sauti ya sh, basi Mjaluo akisema "fis" badala ya "fish" hajakosa akili, ameleta ulimi aliozaliwa nao. Gikuyu haina l, na Mkikuyu akiibadilisha kwa r tunamwelewa. Mbukusu b yake huelekea p. Sisi tumeliita jambo hili kushrabu na tumelifanya kichekesho, kuanzia shuleni hadi kwenye majukwaa ya wachekeshaji. Mimi halinichekeshi. Mtu wa Glasgow na mtu wa London hawatamki sawa, na hakuna anayesema mmoja wao hajui Kiingereza. Wanaojitia tweng' redioni, yaani lafudhi ya kizungu ya kuigiza, ndio huniudhi zaidi, maana wanawafundisha vijana kwamba sauti ya kwao ni aibu.

Lakini ile b ya "plumber" haikutoka Kisumu wala Nyeri wala Bungoma. Imetoka kwenye maandishi. Waluo, Wakikuyu na Wabukusu wote wanaitamka vilevile, kwa hiyo usiniambie ni lugha ya mama. Ni jicho.

Na chanzo chake ni kitu kizuri tulicho nacho. Kiswahili sanifu tunachoandika kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na kamati ya kukisanifisha ilianza kazi mwaka 1930, juzi tu kwa umri wa lugha. Tahajia ikafuata sauti. A ni a popote uikutapo. Mtoto wa Kayole akishajua ba, be, bi, bo, bu anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kulisikia maishani na akalipatia. Akifika kwenye Kiingereza anakuja na imani hiyohiyo, kwamba kilichoandikwa ndicho kinachotamkwa, na hakuna anayemwambia kuwa huku mambo ni mengine.

Kiingereza kina historia yake. William Caxton alianza kupiga chapa vitabu Westminster mwaka 1476, na tangu hapo tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kuhama kwa vizazi na vizazi. K ya "knife" ilikuwa ikisikika zamani. Juu ya hayo, wasomi wakapachika herufi ambazo hakuna aliyezitamka: "debt" iliandikwa "dette", kama ilivyotoka Ufaransa, kisha b ikaingizwa ili neno lifanane na "debitum" la Kilatini. P ya "receipt" ni ya ukoo huohuo. S ya "island" iliingizwa kwa kudhani neno hilo lina undugu na "isle", na hata undugu wenyewe haupo. Kwa hiyo mtu anayesoma "receipt" na p yake amesoma kwa uaminifu kilichoandikwa. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu mwalimu aliyemsikia mwaka mzima akanyamaza.

Ni kwa nini basi nisiache tu? Kwa sababu nimeona linavyomfanya mtu.

Kulikuwa na binti mmoja niliyemfundisha, mtulivu, mwepesi kuliko wengi kung'amua mteja amekasirishwa na nini hasa. Siku moja alipokea simu ya mtu aliyekatwa pesa mara mbili. Kosa alikuwa ameshaliona kwenye kompyuta, amebakiza kulieleza. Akasema "receipt", na p ikasikika. Mteja akamkatiza, akamwuliza kama hapo ofisini hakuna mtu anayejua Kiingereza. Mazungumzo hayakurudi tena kwenye pesa. Tangu siku hiyo nikawa namsikia akilikwepa lile neno. Alikuwa akisema "ile karatasi ya malipo uliyopewa", "ule uthibitisho", sentensi zikarefuka, sauti ikashuka, na wateja wakaanza kudhani hajui anachokisema. Neno moja lilikuwa limemnyang'anya ufasaha wote.

Nikamwuliza nyumbani kwao karatasi hiyo wanaiitaje. Risiti. Nikamwambia atoe i ya mwisho, avute ile ya katikati. Akatamka, akarudia, akacheka. Ikawa imekwisha.

Waliotuletea maneno haya katika Kiswahili walikopa kwa sikio, wala hawakusubiri kuona tahajia. Ndiyo maana risiti haina p. Ndiyo maana tunasema kabati, ilhali "cupboard" ina p imesimama pale katikati. Ndiyo maana tunasema kanali, na ukiiona "colonel" kwenye karatasi huwezi kuotea kamwe kwamba Mwingereza huitamka karibu na hivyo. Mtu asiyejua kusoma aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi ya jeshi aliipatia kuliko mhitimu wa leo mwenye gazeti mkononi.

Kuna kosa jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni la mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ka-LE-nda, ba-ra-BA-ra. Kiingereza huurusha kinapotaka. Sisi tunaubeba wa kwetu na kuupandikiza huko, ndipo unasikia "character" ikitamkwa ka-RAK-ta, "calendar" ka-LEN-da, "challenge" cha-LEN-ji, hali zote tatu huanza kwa nguvu silabi ya kwanza. "Comfortable" huku kwetu hutamkwa kana kwamba mwisho wake ni meza. Ni KAMF-ta-bo, basi. Na "vegetable" ni VEJ-ta-bo, hata ukiwa sokoni Marikiti. Haya huzuia kueleweka kuliko l na r, kwa kuwa msikilizaji wa nje hulitambua neno kwa umbo la mkazo wake kabla ya kuhesabu herufi.

Darasani huwa nawaambia wafunike karatasi. Nalitamka neno, wanalitamka, nalitia kwenye sentensi ya kazi yao, wanairudia, na baada ya hapo ndipo tunafunua tuone limeandikwaje. Wengi hushangaa. Tahajia ikija ya mwisho, haimwibii mtu sauti aliyokwisha kuipata.

Sasa kuhusu msimamizi wako, ndugu yangu. Juu ya neno alikuwa sahihi. Juu ya mahali na namna, alikosea vibaya. Mtu mzima hasahihishwi ulimi mbele ya wenzake wakati anazungumzia choo kinachovuja. Angeweza kusubiri mtoke, au angejibu tu, "Sawa, tumwite plumber leo", akilitamka vizuri, na wewe ungesikia. Mimi hutumia njia hiyo hata kwa wakubwa wangu: nalirudisha neno katika sentensi yangu, bila kulitilia mkazo wala kumwangalia mtu usoni. Wengi hulichukua. Asiyelichukua namwachia.

Wewe fanya hivi. Usijaribu kusafisha Kiingereza chako chote. Kaa uandike maneno ya kazi yako, yale yanayokutoka kila siku, kisha uyasikilize moja moja kwenye kamusi ya simu, ile yenye alama ya spika. Ikiwa uko kwenye majengo kama ninavyodhani, anza na "plumber", ambayo ni PLA-ma. "Mortgage" t yake haisikiki. "Suite" hutamkwa swiit, si kama suti ya kuvaa. "Gauge" ni geij. Na kama kuna mtu hapa anayeuza vipuri Kirinyaga Road, "chassis" ni SHA-si, s ya mwisho usiiguse ikiwa ni moja. Aliye na neno linalomsumbua aliweke hapa chini pamoja na kazi anayofanya, nitamwandikia linavyosikika.