Gavana wa Mombasa alichaguliwa na nani?

Wiki hii mmeuliza wasomaji: "Je, gavana huchaguliwa na wananchi, au chama humchagua na wananchi wakaenda kumwidhinisha tu?" Swali hili linatugusa pabaya sisi wa Mombasa, kwa sababu tumewahi kupewa siku nzima ya kuchagua gavana peke yake, bila rais, bila seneta, bila mbunge. Kati ya kaunti 47, ni sisi na Kakamega tu tulioipata siku hiyo mwaka 2022. Kwa hivyo mniwie radhi nikilijibu kwa kuanza na mtu ambaye swali lenu halikumtaja: yule ambaye hakwenda kupiga kura.

Msimamo wangu siku zote umekuwa kwamba mtu ana uzito kuliko chama. Nimefuatilia kinyang'anyiro cha ugavana hapa tangu ule wa kwanza wa 2013, na nimeona jinsi tikiti zinavyobadilishwa. Suleiman Shahbal aliwania 2013 kwa Wiper, 2017 kwa Jubilee, na 2022 alikuwa ODM akitaka tikiti ya ODM. Hassan Omar alikuwa seneta wetu kwa Wiper, akawania ugavana 2017 kwa Wiper, kisha 2022 akaja na UDA. Hassan Joho, gavana wetu wa kwanza, ndiye aliyekaa na ODM mihula yake yote miwili. Wanasiasa wakihama namna hiyo, mpiga kura atashika nini ila mtu mwenyewe?

Halafu ndiyo hiyo Aprili 2022, Shahbal akamwachia Abdulswamad Nassir tikiti ya ODM. Hakukuwa na mchujo, wala mwanachama wa Likoni au Jomvu hakuulizwa lolote. Mike Sonko naye, aliyeng'olewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, alishika tikiti ya Wiper akaizunguka kaunti nzima, hadi Mahakama ya Juu ikaidhinisha kung'olewa kwake kule Nairobi na jina lake likakosekana kwenye karatasi za kura. Mtu angeweza kusema kwamba tulipofika Agosti, kazi ya kuchagua ilikuwa imeshafanywa na wengine. Niliwasikia wengi barazani wakisema hivyo, na niliwapinga.

Sasa hiyo Agosti yenyewe. Jumatatu tarehe 8, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, ikatangazwa kwamba karatasi za kura ya ugavana za Mombasa na Kakamega zina picha na majina yasiyo sahihi, na kura hiyo imeahirishwa. Kesho yake tulipanga foleni, tukapewa karatasi tano badala ya sita. Karatasi ya gavana ni ya buluu, na kila aliyekuwa mbele yangu alizigeuza zake akiitafuta. Mama mmoja aliyevaa buibui alimuuliza karani, "Mwanangu, ya gavana iko wapi?" Karani akamjibu kwa upole kwamba itakuja siku nyingine. Siku hiyo nyingine ikatajwa kuwa tarehe 23, kisha ikasogezwa hadi tarehe 29.

Tarehe 15 William Ruto alitangazwa mshindi wa urais. Tarehe 22 kesi ya marehemu Raila Odinga, kiongozi wa ODM, ya kupinga ushindi huo ikafika Mahakama ya Juu. Katikati ya joto hilo lote, kura yetu ikawa kama kiporo. Mabango ya wawaniaji yalikuwa yamepauka kwa jua, magari ya vipaza sauti yamepungua, na mazungumzo yote yalikuwa ni Nairobi, ukumbi wa Bomas kulikojumlishwa kura za urais, na majaji saba wa Mahakama ya Juu.

Jumatatu ya tarehe 29 nilifika kituoni, shule moja ya msingi huku Kisauni, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Tarehe 9 wakati kama huo foleni ilikuwa imetoka nje ya lango na kuzunguka ukuta. Siku hii waliokuwa wamesimama ungeweza kuwasalimia mmoja mmoja kwa jina. Ndani lilikuwapo sanduku moja tu. Karani alichukua kidole changu, na wino wa tarehe 9 ulikuwa bado umebaki pembeni ya kucha. Nilipiga kura kwa dakika chache, nikatoka, nikawa natembea mtaani kuwauliza watu ninaowafahamu kama wameshakwenda.

Jibu lililoniuma lilitoka kwa utingo wa matatu, kijana ninayemjua tangu akiwa mdogo. Aliniambia, "Mimi nishapiga, mzee. Rais si ashatangazwa?" Nikamweleza kwamba ile haikuwa kura ya gavana. Nikamwambia gavana ndiye mwenye hospitali ya kaunti, chekechea za umma, taka na leseni za biashara, na kwamba kituo cha matatu anachofanyia kazi kiko chini ya kaunti. Alinisikiliza kwa heshima, hakubisha hata neno moja. Kisha gari likajaa, akagonga bati wakaondoka. Hakwenda. Na hakuwa mvivu kijana yule, wala hakuwa mjinga. Alikuwa akilipwa kwa siku, na siku yake ya kupiga kura alishaitoa.

Jioni nilirudi kuangalia kuhesabu. Tarehe 9 kazi hiyo ilikwenda hadi usiku wa manane. Safari hii msimamizi aliinua karatasi moja moja, akaionyesha kwa mawakala, akataja jina, na rundo likaisha mapema mno. Fomu 37A, ile ya matokeo ya ugavana ya kituo, ikabandikwa mlangoni. Niliinakili kwenye daftari langu kama ninavyofanya kila uchaguzi, na nikasimama pale kwa muda nikiutazama mstari wa waliojiandikisha na mstari wa waliopiga kura.

Kwa kaunti nzima, Nassir alipata kura 119,083 na Hassan Omar 98,105. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya 640,000, kwa hiyo waliojitokeza walikuwa kama thuluthi moja tu. Hapo ndipo hesabu inaponisukuma nisikokusudia nilipoanza kuandika. Tarehe 9 Agosti, katika kura ya urais, Raila wa ODM alipata Mombasa yapata kura 161,000, na Ruto wa UDA yapata 114,000. Linganisheni. Kati ya tarehe hizo mbili, upande wa ODM ulipungukiwa na kura kama 42,000. Upande wa UDA ulipungukiwa na kama 16,000 tu, na ulikuwa na rais mteule wa kuwapa watu moyo. Hassan Omar aliikaribia ODM kuliko Ruto alivyoikaribia. Bado ODM ilishinda, kwa sababu ilikuwa na akiba kubwa ya kupoteza. Akiba hiyo Nassir hakuijenga peke yake. Ni ya chama, iliyokusanywa tangu enzi za Joho na kabla yake.

Basi jibu langu kwa swali lenu ni chama. Nalitoa kwa shingo upande, na lina mipaka. Ni la Mombasa, na ni la 2022. Kakamega pia ODM ilishinda kwa Fernandes Barasa dhidi ya Cleophas Malala, lakini siasa za kule waelezwe na wenyewe. Isitoshe, vyama vile havipo tena kama vilivyokuwa. Walioshindwa tarehe 29 Agosti, Malala na Hassan Omar, wote wawili wamekuwa makatibu wakuu wa UDA, mmoja baada ya mwingine. Joho aliingia baraza la mawaziri la Ruto mwaka 2024, na Machi 2025 ODM na UDA zikatia saini makubaliano ya kushirikiana. Akiba iliyombeba Nassir sasa itahesabiwa upande gani 2027, mimi siwezi kuapa.

Na hesabu yangu ina tundu moja ambalo msomaji makini ataliona: inachukulia kwamba aliyempigia Raila tarehe 9 angempigia Nassir siku hiyo hiyo karatasi ya buluu ingekuwapo. Pengine wengine wangempa Hassan Omar. Yule utingo wa matatu sikumuuliza angempigia nani.